Kwa nini orodha ya kompyuta hubadilika bila mtu kuigusa

Na Mwandishi Wetu

MWANANCHI anafika ofisini asubuhi na kukuta jina lake ni la nne katika orodha ya waombaji iliyobandikwa ukutani. Mchana orodha ileile inachapishwa upya kwa kuwa ya kwanza imechanika, na sasa jina lake limeshuka hadi nafasi ya thelathini na moja. Waombaji ni walewale, idadi haijabadilika, na karani anaapa kwamba hakuna aliyeigusa. Katika miji yetu, ambako foleni ni jambo la kugombewa, watakaomwamini karani huyo ni wachache.

Tuhuma za upendeleo mara nyingi huwa na msingi, na makala haya hayakusudii kumsafisha mtu yeyote. Hata hivyo, ipo sababu nyingine ambayo haihitaji mkono wa mtu, nayo ni kwamba kompyuta haikuombwa kuipanga orodha hiyo. Jibu la dirishani kwamba "kompyuta ndivyo ilivyopanga" kwa kawaida si kweli. Kompyuta haikupanga chochote; ilimwaga tu.

Taarifa za ofisi, benki au hospitali huhifadhiwa katika kanzidata, ndani ya majedwali. Kila jedwali lina mistari: mstari mmoja kwa mwombaji mmoja, mgonjwa mmoja au muamala mmoja. Programu inapohitaji taarifa huuliza swali kwa lugha maalumu iitwayo SQL, kwa mfano: nipe waombaji wote wa kata fulani. Kanzidata hujibu kwa kuleta mistari inayotimiza sharti hilo.

Msomaji atambue kwamba swali hilo halikusema lolote kuhusu nani atangulie. Anayetaka mpangilio hana budi kuongeza maneno mawili, ORDER BY, yenye maana ya "panga kwa", kisha ataje kigezo chake, iwe tarehe, jina au namba ya maombi. Asipoyaandika, kanzidata ina ruhusa kamili ya kuleta mistari kwa mfuatano wowote inaouona kuwa mwepesi kwa wakati huo.

Mfano wake ni mtunza ghala aliyetumwa kutoa nje magunia yote ya mchele. Kama hakuambiwa aanze na lipi, ataanza na lililo karibu na mlango. Kesho yake, magunia yakiwa yamesogezwa kupisha mzigo mpya, ataanza na jingine. Magunia ni yaleyale na hesabu haijapungua. Tajiri akilalamika kwamba gunia lililotoka la kwanza jana leo limekuwa la kumi, mtunza ghala ana haki ya kumuuliza: uliniagiza lini nianze na hilo?

Uhuru huo wa kanzidata haukutokana na uzembe wa watengenezaji. Ulikusudiwa tangu mwanzo, na aliyeukusudia ni Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wa Jeshi la Anga la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akawa mtafiti wa kampuni ya IBM huko San Jose, California. Juni 1970 alichapisha katika jarida la Communications of the ACM makala iliyoweka msingi wa karibu kanzidata zote zinazotumiwa maofisini hadi leo.

Kabla ya hapo, mifumo kama IMS, ambayo IBM iliitengeneza katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya mradi wa Apollo, ilimlazimu mwandishi wa programu kujua taarifa zimekaa wapi na zinafuatana vipi. Codd aliiona hatari iliyojificha humo. Programu zilizoea kutegemea mfuatano ambao taarifa zilihifadhiwa kwao, na siku mfuatano huo ulipobadilishwa, hata kwa sababu nzuri, programu hizo ziliharibika. Alitaja utegemezi wa aina tatu uliopaswa kuondolewa, na wa kwanza aliouzungumzia ulikuwa huu wa mpangilio.

Dawa aliichukua kutoka katika hisabati: jedwali lichukuliwe kuwa ni seti. Seti ya A, B na C ndiyo ileile seti ya C, A na B, na kuuliza ipi ni ya kwanza ndani yake ni kuuliza swali lisilo na jibu. Lugha ya SQL ilibuniwa mwaka 1974 na wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, ikapewa hadhi ya kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986. Kiwango hicho kinaacha mfuatano wa mistari isiyoombwa kupangwa uwe hiari ya mtengenezaji wa kanzidata. Codd alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1981 na kufariki dunia mwaka 2003. Kwa hiyo jambo tunalolizungumzia lilishaonywa zaidi ya nusu karne iliyopita, kabla wengi wa wanaolikosea hawajazaliwa.

Kinachowaponza ni kwamba mpangilio mara nyingi huonekana upo. Tuchukue PostgreSQL, kanzidata huria inayotumika sana duniani, ambayo huhifadhi mistari katika kurasa za kilobaiti 8 kila mmoja. Tuseme jedwali jipya lina waombaji wanne walioandikishwa kwa mfuatano huu: Asha, Baraka, Chausiku, Daudi. Likisomwa, majina yatakuja hivyohivyo. Fundi akijaribu mara mia atapata jibu lilelile mara mia, naye ataondoka akiamini kwamba kanzidata hukumbuka nani alitangulia kufika.

Sasa Asha anapiga simu kurekebisha namba yake. PostgreSQL haifuti namba ya zamani na kuandika mpya palepale. Huandika nakala mpya ya mstari mzima mahali penye nafasi, na kuiacha ile ya zamani kwa muda ili wanaoisoma wakati huo wasikatizwe. Jedwali likisomwa tena, majina yanakuja hivi: Baraka, Chausiku, Daudi, Asha. Aliyekuwa wa kwanza amekuwa wa mwisho, na kosa lake ni kurekebisha namba ya simu.

Haiishii hapo. Chausiku anajitoa, mstari wake unafutwa, na baadaye kanzidata inafanya usafi wake wa kawaida na kuacha pengo. Mwombaji mpya anayefika siku hiyo anaweza kuwekwa katika pengo hilohilo, hivyo akajikuta yuko mbele ya Daudi aliyemtangulia kwa miezi. Ofisi inayohudumia watu kwa kufuata orodha ya namna hiyo inagawa huduma kwa bahati nasibu, tena bahati nasibu ambayo hakuna aliyeitangaza.

MySQL nayo ina hila zake. Tangu mwaka 2010, muundo wake wa kawaida wa kuhifadhi huitwa InnoDB, nao hupanga mistari ndani ya diski kwa kufuata namba kuu ya kila mstari. Matokeo yake ni kwamba orodha isiyoombwa kupangwa hutoka ikiwa imenyooka, moja, mbili, tatu, kwa miaka. Kisha fundi anaongeza faharasa ya namba za simu ili utafutaji uwe wa haraka. Swali linalohitaji namba ya mwombaji na simu yake tu linaweza kujibiwa lote kutoka katika faharasa hiyo, bila kulifungua jedwali lenyewe, na kanzidata ikiona hivyo ni nafuu, ndivyo itakavyofanya. Orodha itatoka ikiwa imefuata namba za simu. Fundi hakujua kwamba ameigusa karatasi inayobandikwa ukutani.

Kwa majedwali makubwa mambo huwa magumu zaidi. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, PostgreSQL ikiwa inalisoma jedwali kubwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja, na wa pili akaja kulisoma lote, yule wa pili haanzishwi ukurasa wa kwanza. Huunganishwa na mwenzake pale alipofikia, wakaendelea pamoja, kisha hurudi mwanzo kumalizia alichokikosa. Ni kama abiria aliyepanda daladala katikati ya njia: gari likizunguka atavipita vituo vyote, ila kituo chake cha kwanza si kile cha mwenzake. Faida yake ni kwamba diski husomwa mara moja kwa ajili ya watu wawili. Hasara, kwa asiyetaja mpangilio, ni kwamba majina yatakayotangulia katika orodha yake yanategemea nani mwingine alikuwa anafanya kazi dakika hiyo.

Aidha, kuanzia mwaka 2016 kanzidata hiyo inaweza kugawa swali moja kwa vichakato kadhaa vinavyosoma kwa pamoja, na kinachomaliza sehemu yake huleta alichonacho. Majaribio ya ofisini hayawezi kuyaonyesha hayo. Jedwali la majaribio lina mistari hamsini na mtumiaji mmoja, ilhali la kazini lina mamilioni ya mistari na watu mia wanaoliuliza kwa wakati mmoja.

Historia ya kanzidata ina visa kadhaa vya namna hii, na vingi vilitokea pale watengenezaji walipoboresha kazi yao. Mwaka 2005, Oracle ilitoa toleo la pili la kanzidata yake ya 10g, lenye njia mpya na ya haraka zaidi ya kujumlisha taarifa kwa makundi. Njia ya zamani ilikuwa ikipanga kwanza ndipo ijumlishe, hivyo ripoti zilitoka zikiwa zimepangwa bila mtu kuomba. Njia mpya haikuwa na haja ya kupanga, na ripoti zilizokuwa zimenyooka kwa miaka zikavurugika siku ya kuhamia toleo jipya.

Mwaka huohuo SQL Server ya Microsoft iliacha kuiheshimu amri ya kupanga ambayo watu walizoea kuificha ndani ya swali lililohifadhiwa. PostgreSQL ilifuata mwaka 2009 kwa toleo la 8.4, ambamo kuondoa mistari inayojirudia hakukuhakikisha tena matokeo yaliyopangwa. MySQL ilifika huko mwaka 2018 kwa toleo la 8.0. Kila mara walikuwepo waliolalamika kwamba wameharibiwa kazi, ingawa kilichoharibika kilikuwa kitu ambacho hawakuwahi kuahidiwa. Kwa maoni ya mwandishi, lawama hapo si ya watengenezaji.

Orodha ya ukutani angalau huonekana kwa macho. Madhara makubwa zaidi hutokea mahali ambapo hakuna anayetazama, hasa kazi inapogawanywa katika mafungu.

Tuchukulie mfuko wenye wanufaika 1,000 wanaolipwa kwa mafungu mawili ya watu 500. Programu inauliza kanzidata: nipe mistari 500 ya kwanza. Inawalipa hao, na kila aliyelipwa anawekewa alama. Kisha inauliza mara ya pili: ruka mistari 500, nipe 500 inayofuata. Aliyeandika programu hiyo anaona kichwani mwake karatasi moja ndefu, ambayo amekwisha kuisoma nusu ya juu na sasa anasoma nusu ya chini.

Karatasi hiyo haipo. Kwa kanzidata, hayo ni maswali mawili tofauti yasiyojuana, na kila moja hujibiwa upya kwa hali ya jedwali ilivyo wakati linapoulizwa. Kumbuka kisa cha Asha na namba yake ya simu. Katika PostgreSQL, kuweka alama ya malipo ni kuandika upya mstari, na mstari ulioandikwa upya huweza kuhamia mwishoni mwa jedwali. Wale 500 waliolipwa sasa wamesukumwa nyuma, na wasiolipwa wamekuja mbele. Programu inaruka 500 walio mbele, yaani wasiolipwa, na kuwachukua walio nyuma. Watu walewale wanalipwa mara ya pili, na wenzao hawapati kitu.

Tazama sasa jinsi hesabu inavyodanganya. Malipo yaliyofanyika ni 1,000, sawa na idadi ya wanufaika. Kama kiwango ni kimoja kwa kila mtu, hata jumla ya fedha italingana hadi senti ya mwisho. Mkaguzi anayelinganisha jumla kwa jumla ataweka sahihi yake. Tofauti itajulikana pale tu atakapolinganisha jina kwa jina, au wale ambao hawakupata kitu watakapokuja kupiga kelele mlangoni, na huenda wakaambiwa kwamba kwa mujibu wa hesabu wote wamekwisha kulipwa.

Mara nyingi kosa huwa dogo kuliko hilo na hivyo gumu zaidi kuonekana: mtu mmoja anajirudia katika ukurasa wa pili wa orodha, na mwingine mmoja anapotea kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili. Kila anayetembelea tovuti za matangazo ya kazi au za maduka ya mtandaoni amewahi kuona kitu alichokwisha kukipita kikimtokea tena mbele. Kujirudia huko hukera tu. Kupotea ndiko kunakoumiza, kwa kuwa aliyepotea haonekani.

Je, kuandika ORDER BY kunamaliza tatizo? Kunalimaliza ikiwa kigezo kilichotajwa kinatofautisha kila mstari na mwingine. Orodha iliyopangwa kwa kata itaziweka kata katika mfuatano, lakini kama kata moja ina watu 300, hao 300 kati yao hawajapangwa na wanaweza kubadilishana nafasi kila swali linapoulizwa. Vivyo hivyo kwa tarehe: waombaji sitini waliofika tarehe moja wamefungana, na kanzidata haina sababu ya kumpendelea yeyote. Ndiyo maana mafundi makini huongeza kigezo cha pili kisichojirudia, kama namba ya maombi, ili kukata sare. Mfuko ule wa wanufaika 1,000 ungeepuka balaa kwa kupanga kwa namba ya mnufaika na kuuliza, badala ya "ruka 500", "nipe 500 wenye namba kubwa kuliko ya mwisho niliyoilipa".

Hata namba zinazotolewa na kompyuta yenyewe zinahitaji kuangaliwa. Wengi huamini kwamba mwenye namba ndogo ndiye aliyetangulia kufika. Kwa kawaida ni hivyo, lakini namba hutolewa ombi linapoanza kuandikwa, na ombi linaweza kukamilika baada ya lile lililopewa namba kubwa zaidi. Pale ambapo sekunde zina uzito, kama katika zabuni au viwanja vinavyogawiwa kwa kanuni ya anayewahi, ofisi inapaswa kuamua mapema ni wakati upi unaohesabika, na kuuandika katika safu yake ndani ya jedwali. Kanzidata haiwezi kupanga kwa jambo ambalo haikuandikiwa.

Kuna pia mitego midogo ya kupanga maandishi. Namba zilizohifadhiwa kama maneno hupangwa 1, 10, 11, kisha 2, jambo ambalo kila aliyewahi kutazama orodha ya vyumba vya mitihani amelikuta. Kanuni za kupanga herufi nazo hubadilika: mwaka 2018 maktaba ya glibc, ambayo mifumo mingi ya Linux huitegemea, ilirekebisha kanuni hizo katika toleo la 2.28, na kanzidata zilizokuwa zimejenga faharasa zake kwa kanuni za zamani zikahitaji kuzijenga upya.

Wapo wanaouliza kwa nini kanzidata isipange tu kila jibu, na jambo hili likaisha. Sababu ni gharama. Maswali mengi hayahitaji mpangilio wowote. Anayetaka jumla ya makusanyo ya siku hajali risiti ipi ilitangulia. Kupanga mistari milioni kumi kunaweza kuijaza kumbukumbu ya seva na kuilazimu kutumia diski, huku wateja wengine wakisubiri. Hoja hiyo ni ya haki kwa milioni kumi. Kwa orodha ya waombaji 300 haina uzito, maana kazi hiyo humalizika kabla mtu hajapepesa jicho, na kwa majedwali makubwa faharasa iliyo sawa na kigezo huwezesha mistari kusomwa ikiwa imekwisha kupangwa.

Njia nzuri ya kulinasa kosa hili mapema imo katika SQLite, kanzidata ndogo iliyomo ndani ya karibu kila simu ya kisasa. Watengenezaji wake wameweka swichi ambayo ikiwashwa, maswali mengi yasiyotaja mpangilio hurejesha mistari yake kinyumenyume, ya mwisho ikawa ya kwanza. Swali lililotaja mpangilio wake haliguswi. Fundi huiwasha swichi hiyo wakati wa majaribio, anaendesha programu yake kama kawaida na kutazama skrini. Orodha yoyote itakayopinduka ndiyo aliyosahau kuiagizia mpangilio, na hapo huifungua programu yake na kuongeza yale maneno mawili.